Matundu 83: jim ya wanawake isiyo na kibao, Kikwajuni

Skuli ninayosomesha ilihamia jengo jipya la ghorofa, na Kidato cha Tatu wakapangiwa juu kabisa. Wazazi walifurahi, na mimi nilifurahi, mpaka nilipozipanda zile ngazi na mzigo wa madaftari mkononi. Muhula mzima nilikuwa na ujanja mmoja: nikiingia darasani naitikia salamu kwa kichwa, nawapa mgongo, nachukua ufutio na kufuta ubao ambao hauna kitu. Nafuta taratibu, pembe hadi pembe, mpaka pumzi zinirudie. Siku moja mtoto wa safu ya nyuma akasema, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Mwalimu, ubao ushatakata." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Jioni ile ile nikaenda kupima presha.

Ikaja 148 kwa 94. Daktari akanieleza kuwa mpaka ni 140 kwa 90, akaniuliza habari ya chumvi, ya usingizi, ya mazoezi, na kwenye mazoezi nikatazama dirishani. Akanipa miezi mitatu nibadilishe ninayoweza kuyabadilisha, kisha nirudi tuzungumze habari ya vidonge. Nina miaka 46, nasomesha hesabu mwaka wa 19 huu, na mpaka siku ile mazoezi kwangu yalikuwa yale ya mwisho wa sura kitabuni: zoezi la kwanza, zoezi la pili.

Si kwamba sijawahi kujaribu. Miaka miwili nyuma nilijiunga na jim moja ya kisasa, sitaitaja, yenye vioo kila ukuta na kiyoyozi cha kukufanya utamani sweta. Nililipa miezi mitatu kwa mpigo, shilingi 360,000. Siku ya kwanza kijana aliyekuwa zamu alinipandisha kwenye mashine ya kukimbilia nusu saa, akanishusha, akanipa vyuma, akanirudisha kwenye mashine. Kesho yake nikawa nashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, nimeshikilia ukuta, mume wangu ananiuliza kama aite gari. Nilikwenda mara saba jumla. 360,000 gawa kwa saba ni 51,428 kila mara niliyotoka jasho. Kwa pesa hiyo ningeilisha nyumba nzima biriani. Ujumbe pekee walionitumia, baada ya kunikosa wiki kadhaa, ulikuwa wa kunikumbusha kwamba ada yangu inakaribia kwisha.

Hii ya Kikwajuni nilielekezwa na mama mmoja niliyekaa naye benchi moja siku ile ya kupima presha. Jina haina, kibao haina. Iko upande wa majumba ya Wajerumani, zile flati zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Unaingia uchochoroni na utasikia muziki kabla hujauona mlango. Zamani kilikuwa chumba cha seremala, na siku za mvua bado kinanuka vumbi la mbao, harufu ambayo mimi naipenda na wenzangu hawaipendi. Asubuhi na usiku ni zamu ya wanaume. Sisi wanawake tuna Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, saa kumi na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili kasorobo, yaani unasali Alasiri kwako, unakwenda, na Magharibi inakukuta umesharudi. Aliyepanga saa hizi anaijua nyumba ya Kizanzibari ilivyo.

Mlangoni pana pazia la kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Ukishalivuka, jambo la kwanza ni pakacha la simu. Kila simu inaingia humo, imezimwa sauti, na haitoki mpaka unaondoka. Mwanzo niliona ni usumbufu. Halafu nikamwona mama wa miaka sitini na kitu amevaa suruali ya mwanawe na fulana ya kampeni ya miaka ile, anaruka huku anacheka, nikafahamu kwa nini pakacha lipo. Huwezi kumtaka mtu mzima ajiachie mahali ambapo anaweza kujiona kesho kwenye kikundi cha WhatsApp.

Vifaa? Msitarajie makubwa. Mashine ya kukimbilia ipo moja, imekufa, tunatundikia mabaibui. Vyuma vya dukani vichache. Vyengine ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, na kopo moja ni jepesi kuliko mwenzake, kwa hiyo ukiliinua bila kujua unaelemea upande kama dau. Viti vya plastiki kumi na viwili, ambavyo ndivyo vifaa vyenye kazi kuliko vyote mle ndani. Kila mtu na mkeka wake wa ukili. Feni moja, na kuna vita baridi juu ya nani anakaa chini yake.

Sasa Kochi. Ni msichana wa miaka thelathini hivi, alicheza netiboli tangu skuli, na ana sauti ya kufika Michenzani. Mimi namwita Kochi, yeye ananiita Mwalimu, wengine wote wanaitwa kwa watoto wao, mama fulani na mama fulani. Siku ya kwanza nilikwenda na raba mpya, chupa mpya ya maji, na hasira ya ule ubao. Nikamwambia niko tayari kwa lolote. Akaniketisha kitini, akanifanyisha kuinuka na kukaa mara nane. Pushapu nane, za ukutani. Kutembea papo kwa papo dakika tatu. Kunyoosha mikono, kunyoosha mgongo. Kisha akasema, "Haya Mwalimu, vaa baibui lako."

Nikaitazama saa ya ukutani. Dakika 11.

"Kochi, mimi nimelipa 25,000."

"Najua. Leo sikutaki. Nakutaka Jumatano."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikamwambia mume wangu nimetapeliwa mara ya pili katika maisha yangu na mara hii kwa bei nafuu. Lakini Jumatano nikaenda, kwanza kwa sababu nilikuwa na maneno ya kumwambia, na pili kwa sababu hapakuwa na kitu kinachoniuma. Hilo la pili sikulitambua siku ile. Nililitambua wiki ya tatu: zile mara saba za jim ya vioo, kila nilipofikiria kwenda, mwili ulikuwa unakumbuka maumivu na kichwa kinatafuta udhuru. Hapa kichwa hakikuwa na la kutafuta. Utatoaje udhuru wa dakika 11? Hata kusuka ukili ni kazi ngumu zaidi.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa hivyo, dakika 11, 12, 12. Ya tatu akaongeza. Sasa hivi nafanya 40 na nafurahi zikiisha, msidhani nimekuwa malaika.

Kitu kinachoitofautisha jim hii na nyengine ni kadi. Ni kipande cha karatasi ngumu, kina miraba, na kila ukija Kochi anakitoboa kwa panchi ya ofisini. Basi. Hakipimi uzito, hakipimi kiuno, hakiandiki umeinua nini. Umekuja, unatobolewa. Hukuja, mraba unabaki mzima na unakutazama. Mimi mtu wa mahudhurio, nimeita daftari la majina asubuhi kwa miaka 19, sikutarajia kwamba ipo siku nitafurahi kuitika mwenyewe. Siku ya kwanza ya kila mwezi kadi zote zinabandikwa ukutani, na hapo ndipo utawaona watu wazima wakihesabiana matundu kama watoto wanaohesabiana pipi za Idi.

Kuna sheria moja tu: kukosa mara moja ni haki yako, kukosa mara mbili mfululizo ni mwiko. Ukikosa mara mbili, mtu anatumwa. Hawakupigii simu, wanakuja mlangoni, hodi hodi, wamekaa sebuleni wanakunywa chai yako na hawataji mazoezi hata kidogo. Ukiwasindikiza mlangoni ndipo mmoja anauliza, "Tukuone Jumamosi?" Sijaona ukumbusho wa simu uliofikia hapo.

Binti yangu yuko SUZA, na kama watoto wote wa chuo hakubali kitu mpaka kiwe kimetafitiwa. Nilipomsimulia habari ya dakika 11 akanitafutia utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa 2010. Watu 96, kila mmoja amechagua jambo dogo la kufanya kila siku wakati ule ule: huyu kunywa maji na chakula cha mchana, yule kukimbia kidogo kabla ya chakula cha usiku. Wakapima inachukua muda gani mpaka jambo lile lijifanye lenyewe, bila kujisukuma. Mtu wa katikati alichukua siku 66. Lakini mtu wa katikati, nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka, huwa anawaficha wa pembeni: wepesi walimaliza kwa siku 18, na kwa wazito hesabu ilifika 254. Waliochagua mazoezi walikuwa wazito kuliko waliochagua maji. Na pale nilipopiga mstari mwekundu: kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Nikampelekea Kochi. Akaisoma, akairudisha, akasema, "Kwa hiyo wewe ni wa 18 au wa 254?" Nikamwambia Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Jibu, kwa faida yenu: kwenda jim bado najisukuma. Kilichojifanya chenyewe ni kile cha nyumbani.

Maana Kochi hutoa kazi ya nyumbani, na hapa ndipo anaponizidi ualimu. Anakwambia chagua kitu unachokifanya kila siku bila kukumbushwa na mtu, halafu tundika zoezi lako hapo hapo, mara tano tu, hata kama una nguvu za thelathini. Mmoja alitundika kwenye kufagia uwanja. Mwengine anasimama kwa mguu mmoja kila anaposubiri maji yajae ndoo. Mimi nilichagua Alfajiri: nikishakunja msala na kuuweka juu ya kabati, nakaa na kuinuka kwenye ukingo wa kitanda mara tano. Mwezi wa pili nikaongeza mpaka nane, sasa 15, na birika likiwa motoni nafanya pushapu kwenye ukuta wa jikoni mpaka chai ifoke. Haifiki dakika nne yote hiyo. Lakini sasa nikikunja msala nisipokaa na kuinuka, najiona kama nimetoka nyumbani bila funguo.

Habari ya chai nayo. Hakuna aliyekatazwa kula kitu. Nilidhani nitaambiwa niache urojo, na nilikuwa nimeshaandaa hoja. Kochi aliniuliza natia vijiko vingapi vya sukari. Vinne. Akasema mwezi huu tia vitatu na nusu. Nusu! Nikaona ni mzaha. Leo niko viwili, na chai ya ugenini siku hizi naiona kama sharubati. Urojo nakula, Jumamosi, baada ya mazoezi, tena tunakwenda sita au saba pamoja. Waliobaki wanatwambia tunajaza tulichokimwaga. Na waseme.

Ikaja simu. Mwanangu aliniwekea programu ya kuhesabu hatua, na ile programu ilikuwa inanitaka hatua 10,000 kila siku. Napata 5,000, inanionesha duara nusu. Nikawa najiona nimefeli kila usiku kabla ya kulala. Sasa sikilizeni 10,000 imetoka wapi: mwaka 1965 huko Japani waliuza kipimo cha hatua kinachoitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Namba imezaliwa kwenye jina la bidhaa. Na utafiti wa I-Min Lee wa Harvard, wa 2019, uliofuatilia wanawake wa makamo ya bibi zetu, wenye wastani wa miaka 72, ulikuta kwamba waliotembea kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaacha kupanda karibu na 7,500. Nikaibadilisha ile programu iwe 6,000. Siku hizi duara linajaa, na mimi nalala. Baadhi ya hizo nazipata kwa kushuka daladala ya 505 kituo kimoja kabla ya skuli, asubuhi, dakika 11 kwa mguu. (Tena 11. Nimezizoea.) Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Dakika 40 mara tatu ni 120, 11 mara tano ni 55, jumla 175. Nimepita, na sijawahi kukimbia.

Mfunguo Saba, yaani mwezi wa saba baada ya Ramadhani, bibi yangu alifariki Wete, Mungu amrehemu. Nilipanda boti na dada zangu, tukakaa Pemba wiki nzima na khitma. Matundu matatu yakapotea. Lakini Alfajiri ya pili pale, tumelala wanawake tisa chumba kimoja, nimekunja msala na mwili wenyewe ukaenda ukingoni mwa kitanda, kaa, inuka, kaa, inuka. Mke wa binamu yangu akashtuka. "Yakhe, una nini, mgongo?" Nikamwambia sina kitu, nafanya mazoezi. Akanitazama kwa huruma kama anayesema msiba umemwingia. Siku ya nne alikuwa kitako pembeni yangu anafanya na yeye, na juzi kanipigia simu kuniambia amefika kumi.

Ramadhani nilidhani ndiyo mwisho wa mchezo. Kila mwaka mimi huanza kitu kabla ya Ramadhani na kukizika ndani ya Ramadhani. Kochi hakufunga mlango. Alihamisha saa: baada ya tarawehe, dakika 20, siku mbili kwa wiki, ada nusu. Akasema mwezi huu hatutafuti nguvu, tunailinda njia tu, isiote majani. Nilikwenda mara nane, nyengine nimeshiba futari kiasi cha kutoweza kuinama, nikatembea tu papo kwa papo na kupiga soga. Panchi ilitoboa vile vile.

Sasa ya kulalamika, maana yapo, na mengine si madogo.

La kwanza ni goti langu. Mwezi wa nne Kochi alirudi kutoka semina fulani na moto mpya, akaturusha kamba wote, juu ya saruji tupu, bila kuuliza nani ana nini. Goti la kushoto likavimba kama embe dodo. Nilikasirika, nikakaa nyumbani wiki mbili, na wajumbe walipokuja kunywa chai yangu nikawaambia waniache. Mwisho akaja mwenyewe. Hakujitetea. Alisema, "Mwalimu, lile kosa langu. Kiti chako kipo, njoo ufanye mikono." Nikaenda nikafanya mikono nimekaa, siku tatu. Tangu hapo kamba ni ya wanaotaka na wanarukia juu ya mkeka mnene. Lakini mpaka leo mtu mpya akifika hapimwi presha wala haulizwi magonjwa yake kwa utaratibu, mpaka aseme mwenyewe. Nimeshawaambia mara mbili: nunueni kipimo cha mkononi, andikeni daftari, nusu yetu humu tuna presha au sukari. Kama una moja kati ya hayo, au moyo, pitia kwanza kwa daktari wako, usingojee kuulizwa.

La pili, kuchelewa. Jumatatu Kochi hufika saa kumi na moja kasorobo na udhuru wa kila aina, na dakika hizo 15 hazirudi kwa sababu Magharibi haimsubiri mtu. Anayedai mahudhurio na yeye ahudhurie.

La tatu ni kuhesabu kwake. Sita, saba, nane, nane, nane, nane, kenda... Katika miaka 19 ya kusomesha hesabu sijawahi kuona nane nne zimefuatana. Nikipinga anasema hizo ni za baraka.

Umeme ukikatika, feni inakufa na chumba kinakuwa tanuri la mofa ndani ya dakika tano. Muziki unakufa pia, lakini hapo mama mmoja huanzisha ngoma ya mdomo, na nadhani tunafanya kazi vizuri zaidi kuliko tukiwa na spika. Kwenye muziki, kwa kifupi: vijana wanataka singeli, sisi wengine taarabu, maelewano ni taarabu wakati wa kupasha mwili, singeli katikati, na taarabu tena wakati wa kunyoosha. Kila upande unaamini umedhulumiwa.

Nani asiende? Ukitaka misuli ya kuonekana chini ya fulana, vyuma havitoshi na Kochi hatakupa raha. Ukitaka kupungua kabla ya harusi ya mwezi ujao, pia utapoteza nauli. Mimi mwenyewe katika miezi minane nimetoka kilo 84 mpaka 81 na nusu. Kilo mbili na nusu! Ningeziandika kwenye tangazo mngecheka. Wapo pia wenye damu moto, wale wanaokimbia makundi kwa makundi Jumapili alfajiri wakiimba barabarani kuelekea Maisara, na kila tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi kitaifa, wanajaza mji kwa fulana za rangi moja. Nawapenda sana wakipita, naamka kuwachungulia dirishani. Mwaka huu Kochi alitupeleka sisi nasi, tukatembea nyuma kabisa ya msafara, nyuma hata ya gari la wagonjwa. Dereva wake alituuliza mara mbili kama tunataka lifti.

Kuhusu pesa: 25,000 kwa mwezi, au 2,500 ukija siku moja moja. Hakuna ada ya kujiunga, na hawapokei miezi mitatu kwa mpigo hata ukiwasihi. Kochi anasema mtu akishalipa sana mbele hujiona keshafanya. Nilianza Mfunguo Tano. Mpaka Shaabani ni miezi saba, Ramadhani nusu, jumla nimetoa 187,500. Siku zilizowezekana kabla ya Ramadhani zilikuwa 88: Wete tatu, goti sita, uvivu mtupu nne, nikahudhuria 75. Jumlisha nane za Ramadhani, matundu 83. Kwa hiyo kila tundu limenigharimu shilingi 2,259, dhidi ya zile 51,428.

Presha yangu mara ya mwisho ilikuwa 136 kwa 86. Daktari hakuniandikia vidonge, ila kasema nirudi tena baada ya miezi mitatu na nisijisifu. Darasani, wiki ya kwanza baada ya Idi, nilipanda zile ngazi na madaftari 52, nikaingia, nikaitikia salamu kwa mdomo kamili, nikaandika kichwa cha somo bila kugusa ufutio. Yule mtoto wa safu ya nyuma, bila haya, "Mwalimu, siku hizi hatupati hata muda wa kutoa madaftari."

Mtu wa hesabu hatoi nyota, anatoa alama. Kochi akifika kwa wakati nampa 90, asipofika 60. Mahali 55. Kadi na panchi 100. Bei 95. Goti langu nimelikata humo humo. Nimejumlisha, nimegawa, nimepunguza hapa na pale, na imetoka 74. Wanaofahamu alama za Kidato cha Nne wanajua kuwa A inaanzia 75, na 74 ni B. Kochi ameiona hesabu hii kabla yenu, akaniomba alama moja. Nikamwambia ile alama moja iko kwenye mlango wa choo, ambao tangu Mfunguo Tano haufungi, mtu anaingia na mwenzake anasimama nje ameushikilia kwa kanga. Siku utakapofungwa nitarekebisha.